Jiwe la Augustino Lugembe

Tabora, 11 Novemba 1951

Mvua ya kwanza. Ilianza padri akiwa katikati ya mahubiri, ikapiga mabati ya kanisa hata tukabaki kumwona midomo tu. Mume wangu Augustino hakuja. Amerudi jana kutoka Bukene, walikompeleka kutengeneza pampu ya maji ya stesheni, na amerudi na homa. Anasema ni uchovu wa safari. Bertila amemchumia maua akayatia kwenye kikombe karibu na kitanda cha baba yake.

13 Novemba

Homa haijashuka. Leo sikwenda kufundisha.

14 Novemba

Mkojo wake umekuwa mweusi kama kahawa. Mzee Shaban, jirani yetu fundi cherehani, alikwenda mwenyewe kutafuta gari, tukampeleka hospitali. Njiani Augustino aliniuliza kama kuni nimezifunika zisilowe. Nikamwambia nimezifunika.

16 Novemba

Augustino amefariki asubuhi ya leo.

19 Novemba

Tulimzika juzi katika makaburi ya misheni. Hali ya hewa haikuturuhusu kungoja. Leo ndipo wamefika wa kwao Ziba: mama mkwe wangu, Ng'washi, na shemeji Limbu, kaka mkubwa wa marehemu. Lori lililowaleta lilikwama matopeni mara kadhaa, na bibi wa watu ameshuka akiwa na tope hadi magotini, mkononi ana kuku wa kumchinjia mgonjwa. Habari tuliyopeleka ilikuwa ya ugonjwa. Ya msiba ilipishana nao njiani.

Nilipiga magoti nikamwamkia. Hakuitikia. Aliuliza mwanawe yuko wapi, nikasema tumekwisha kumzika. Akakaa chini pale pale mlangoni, kuku bado yuko mkononi. Baadaye sana akasema neno moja: "Mmemficha."

Nilimchukia kwa neno hilo. Naliandika ili nisijidanganye kwamba sikumchukia.

26 Novemba

Leo tumemaliza matanga. Wazee wa ukoo walisema yaliyopasa kusemwa. Kwa desturi ningehamia Ziba katika mji wa Limbu, naye angenitunza mimi na mtoto. Limbu mwenyewe aliyasema haya akitazama viatu vyake, vile vya jeshi alivyorudi navyo Burma. Ana mke, ni mtu mpole, na nadhani hakutamani jambo hilo kuliko mimi. Nikajibu kwamba mimi ni Mkristo na nina kazi yangu ya ualimu hapa. Basi wakamtaka mtoto. Ng'ombe wa mahari walitolewa, wakapokelewa kwetu, kwa hiyo Bertila ni wa ukoo wa Lugembe. Ni kweli. Wazazi wangu hawapo tena wa kunisemea.

Hapo Ng'washi akawanyamazisha wote.

"Baba yangu alikuwa mpagazi," alisema. "Alibeba pembe za ndovu kwenda pwani kwa njia hii hii inayopita hapa Tabora, mimi nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Wenzake walirudi. Walisema alifia Ugogo wakamfukia kando ya njia. Kando wapi? Hawakujua. Mama yangu alikufa akiuliza. Na huyu naye mmemfukia sikumwona uso."

Akanigeukia. "Niwekee jina lake juu yake, na jina la baba yake. Mtu wa kwetu akipita hapa, asome ajue ni Augustino Lugembe. Ukifanya hivyo, mtoto akae na wewe."

Niliahidi mbele ya watu wote. Mzee Shaban akawa shahidi. Chuki yangu yote iliniishia pale, nikamshika miguu.

4 Desemba

Mvua.

9 Desemba

Mvua. Kaburi limedidimia upande wa miguu. Nimeongeza udongo kwa mikono.

25 Desemba

Noeli. Bertila amekataa gauni jipya. Anasema alivae baba akirudi. Nilidhani ameelewa.

9 Januari 1952

Shule imefunguliwa. Nimepewa tena darasa la wanaoanza. Bruda Alois amenisimamisha kwenye uwanja wa kanisa. Ni Mholanzi, mzee sana sasa, na majengo mengi ya misheni yametoka mikononi mwake. Alisema Augustino alimtengenezea mashine ya maji zaidi ya mara moja wala hakutaka shukrani, hivyo jiwe la kaburi atalitoa yeye. Yako mawe yaliyobaki kwenye ngazi za altare, na herufi atazichonga kwa mkono wake. Nikamwandikia jina kwenye karatasi. Nililia mbele yake na sikuona haya.

20 Januari

Mvua kubwa. Choo cha jirani kimeanguka.

2 Februari

Jiwe limewekwa leo. Ni zuri kuliko lolote lililoko makaburini. Herufi ni kubwa, zimesimama wima kama askari, na kila moja imechongwa kwa kina hata kivuli kinakaa ndani yake. Jiwe limeandikwa hivi:

AVGVSTINVS
LVGEMBE

Nilisita. Nikamwuliza Bruda mbona hakuna U. Alifurahi kuulizwa. Alisema hivyo ndivyo Warumi wenyewe walivyochonga, na kwa Kilatini chao Augustino ni Augustinus. Wao walikuwa na herufi moja tu, yenye umbo la V, nayo ilifanya kazi mbili: pengine ilitamkwa u, pengine ilitamkwa karibu na w yetu, na msomaji alijua mwenyewe kwa kulitazama neno. Juu ya jiwe tindo, chuma cha kuchongea, hupenda kwenda moja kwa moja, ndiyo maana chini kuna ncha. Walipokuja waandishi wa kalamu, wanaoandika juu ya ngozi, mkono wao ulizunguka pale chini kwa sababu ya haraka, na hiyo ncha ikawa duara. Ndiyo u. Kwa karne nyingi ilikuwa herufi ile ile yenye sura mbili: wengi waliweka v mwanzoni mwa neno na u katikati, bila kujali sauti. Hata W ni mbili zilizoshikana. Wapiga chapa ndio waliozitenga, kama miaka mia tatu au mia nne iliyopita, wakaipa kila moja kazi yake, na U kubwa ilichelewa kuliko zote.

Aliyaeleza haya huku akipitisha kidole ndani ya ile V ya kwanza. Akatoa shilingi mfukoni akanionyesha jina la mfalme: GEORGIVS. Nimeishika shilingi miaka yote hii sijapata kuisoma.

Nilirudi nyumbani moyo umetulia. Nimemfundisha Bertila kuisoma V ya jiwe kama U. Niliona ni jambo la heshima, Augustino kuandikwa kama wafalme.

8 Februari

Bendera ya boma imeshushwa nusu. Mfalme wa Uingereza amefariki. Watoto wamepewa ruhusa kurudi nyumbani mapema.

17 Februari

Limbu amekuja, ametumwa na mama yake kulitazama jiwe. Nilimpeleka baada ya misa nikiwa na furaha, kama mtu anayekwenda kuonyesha nyumba mpya.

Limbu alijifunza kusoma jeshini. Anasoma polepole, kwa kidole, na anajivunia kila neno analolimaliza. Alichuchumaa mbele ya jiwe. Alianza, akarudi mwanzo, akaanza tena. Nikamwona shingo inamtoka jasho. Nikataka kumsaidia, akaniinulia mkono ninyamaze.

"Hii ni V," alisema hatimaye. "V ya vita. Ndivyo nilivyofundishwa. Avg... Hakuna mtu anayeitwa hivi, shemeji. Na hapa chini, hili si jina la baba."

Nikamweleza yote, Warumi, tindo na kalamu. Alinisikiliza kwa adabu. Nikafungua ncha ya kanga nikampa shilingi aone jina la mfalme. Aliigeuza mkononi kitambo.

"Mfalme hata angeandikwa kinyumenyume angejulikana," alisema. "Kichwa chake kimo humo humo. Ndugu yangu kichwa chake kiko wapi?"

Akanirudishia shilingi. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Alisema atamwambia mama alichokisoma, kwa sababu ndicho alichotumwa. Nikamsihi amwambie pia maelezo yangu. Akasema atajaribu, lakini maelezo ni marefu na jina ni fupi.

20 Februari

Nimemsimulia Mzee Shaban. Alicheka kidogo, kicheko cha kunihurumia. Yeye huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, vipimo vya wateja wake wote. "Sisi wau ni moja," alisema, "ni u na ni w, na sijapata kumkatia mtu kanzu ya mwingine." Kisha akaacha kucheka. Alisema wau inasomeka kwa sababu kila anayeisoma amefundishwa hivyo tangu utoto. Huko Ziba nani amefundishwa Kirumi?

3 Machi

Mvua. Bertila anakohoa.

16 Machi

Ng'washi amekuja mwenyewe. Nilimpa maji ya kuoga na chakula, akala. Kisha akasema, "Haya, nieleze."

Tulikuwa uani, mvua imekatika, mchanga mbichi. Nilichukua kijiti nikachora V. Nikamwambia hii ni ya kale, ya watu waliochonga mawe. Pembeni nikachora U, nikamwambia hii ni mtoto wake, ilizaliwa kwa kalamu. Nikamwambia zilikaa nyumba moja miaka mingi zikiitikia jina moja kabla ya kutengwa. Alinitazama mimi kuliko mchanga. Nilizungumza kama ninavyozungumza darasani, polepole, nikirudia. Bertila alikaa miguuni pake akasema anaweza kulisoma jiwe lote, na akalisoma kwa moyo hapo hapo bila kuliona: Augustinus Lugembe.

"Nimesikia," akasema Ng'washi.

Baadaye aliniambia hali ya kwao. Limbu alisimulia, kama alivyopaswa, na habari ikatembea. Watu wa Ziba wanasema misheni ilimchukua mwanawe, ikamzika, kisha ikamnyang'anya hata jina, na kwamba yeye alidanganywa akakubali. Wapo waliomwuliza kisimani kama ameshajua sasa mwanawe anaitwa nani. Alisema jiwe lirekebishwe, la sivyo mtoto ni wao, na atarudi baada ya Pasaka.

Alipokuwa anaondoka alimshika Bertila usoni kwa mikono miwili, akamtazama kwa muda mrefu kuliko watu wanavyotazama mtoto.

18 Machi

Nimekwenda kwa Bruda. Amekataa. "Mwalimu, hilo si kosa," alisema. "Unataka nisahihishe kisicho kosa?" Sauti yake ilitetemeka. Nilidhani ni hasira. Sasa nadhani alikuwa ameumia. Ile ni zawadi yake, na amenyang'anywa shukrani.

Nikamwambia habari ya mtoto. Nikaondoka.

19 Machi hadi 27 Machi

Sina la kuandika. Nafundisha, napika, nasikiliza mvua.

28 Machi

Bruda ameniita. Ana homa, amelala na kanzu yake. Amekubali. Mkono wake hauwezi tena nyundo, hivyo kazi ataifanya Raymundi, mwashi wake wa siku zote. Ataziviringa V zote nne chini, ziwe U. Bruda aliniambia jiwe limekunywa maji ya miezi miwili, ni vema kungoja kiangazi likauke. Nikamwambia mama mkwe atakuja baada ya Pasaka. Akafumba macho akasema basi Raymundi aanze.

Nilimbusu mkono. Nilitoka pale nikijiona nimeshinda.

5 Aprili

Nilikuwepo. Nataka kuliandika lote.

Raymundi alitandika gunia akapiga magoti mbele ya kaburi. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, nikamshikia mwavuli wa shule. Ni mtu asiyesema. Alianza na V ya kwanza ya jina la Augustino, akiila ncha kidogo kidogo kwa tindo ndogo, akipuliza vumbi ambalo lilikuwa tope tayari. Ikawa U. Si nzuri, ina tumbo upande mmoja, lakini ni U, hata Limbu angeisoma. Akafanya ya pili. Akafanya ya tatu. Nilikuwa nimeanza kumwambia Augustino, kimya kimya, kwamba yamekwisha.

Ya nne ilikuwa ya Lugembe. Raymundi aliweka tindo, akapiga mara moja kwa wepesi, na jiwe likatoa sauti ndogo kama mtu anayevunja muwa. Ufa ulianzia pale kwenye V, ukapanda ukapita katikati ya jina la juu. Tulitazamana. Kisha kipande cha juu kikaachana na cha chini kikalala kwenye nyasi kifudifudi.

Raymundi aliweka tindo mapajani. "Maji yalikuwa ndani, mama," alisema. "Ningejua."

Alijua. Bruda alijua. Na mimi niliambiwa.

6 Aprili

Tumejaribu kukisimamisha kile kipande kwa saruji. Saruji haishiki kwa mvua hii.

8 Aprili

Nimefikiria ubao. Mzee Shaban amemwita seremala. Ubao umeandikwa kwa rangi nyeusi, AUGUSTINO LUGEMBE, kwa herufi ambazo hata mtoto wa darasa langu anazisoma.

11 Aprili

Ijumaa Kuu. Rangi ya ubao imetiririka kwa mvua.

13 Aprili

Pasaka. Bruda Alois hakuweza kuja kanisani. Sikwenda kumwona. Najua ni vibaya.

17 Aprili

Wamekuja jana, Ng'washi na Limbu. Leo wameondoka na Bertila.

Niliwapeleka makaburini mimi mwenyewe. Sikutaka waende peke yao. Njia nzima nilikuwa nikieleza. Kipande cha chini kilisimama na nusu ya majina, cha juu kimelala. Ubao umeinama, rangi imeshuka hadi chini kama machozi ya masizi. Limbu alivua kofia. Alichuchumaa akajaribu kusoma, kwa uungwana tu, akanyanyuka.

Ng'washi hakulitazama jiwe hata kidogo. Alitazama udongo. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Twende tukamchukue mtoto."

Nyumbani Mzee Shaban aliwasihi. Alisema yeye ndiye shahidi, na kwamba mke wa marehemu alitimiza ahadi yake, jiwe lilikuwepo, kuvunjika ni kazi ya Mungu. Alisema vizuri kuliko ambavyo mimi ningesema. Limbu akamjibu kwa heshima kwamba mzee amesema kweli, lakini ahadi ilikuwa ya jina, na jina halipo. Nilikuwa nimekwisha kwenda barazani, kwenye mahakama ya wenyeji, wiki iliyopita kuuliza kama naweza kumzuia mtoto. Karani aliniuliza swali moja tu, kama ng'ombe walitolewa.

Nilimfungia Bertila nguo zake. Gauni la Noeli limeshakuwa fupi. Alidhani tunakwenda wote, akanikumbusha nisisahau viatu vyangu. Limbu alimbeba hadi kwenye lori, akamkalisha juu ya magunia ya chumvi, akamfunika koti lake la jeshi. Mama mkwe alipanda bila kuniaga. Niliwasindikiza kwa miguu nyuma ya lori hadi mji unapoishia, na zaidi, hadi pale njia ya zamani inapoingia porini, kisha lori likashika mwendo.

18 Aprili

Mvua imekoma.

30 Aprili

Bruda Alois amefariki. Nilisimama nyuma kabisa wakati wa maziko.

6 Mei

Leo darasani mtoto aliniuliza kwa nini sijibu. Alikuwa ameniita mara nyingi.

27 Mei

Nimerudi kutoka Ziba. Nilipata lifti ya lori la mfanyabiashara hadi Nzega, kisha lingine. Nchi yote imekauka tayari, watu wanavuna mtama.

Nilimkuta Bertila uani anatwanga na wenzake kwa mchi mfupi wa watoto. Wamemnyoa nywele. Ana ushanga shingoni na amenenepa kidogo. Kile kikohozi kimeisha. Alikuja akaniamkia kwa Kinyamwezi, kwa adabu, akapiga goti kama msichana wa pale. Kisha akajificha nyuma ya bibi yake akaanza kunichungulia. Usiku alilala na mimi, lakini kulipokucha alikuwa amehamia kwenye ngozi ya Ng'washi.

Sikugombana na mtu. Limbu alinichinjia kuku. Mkewe alinipa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kurudi nayo. Niliomba mtoto, wakakataa bila ubaya.

Ng'washi alinisindikiza hadi barabarani kungoja lori, Bertila ameshika kanga yake. Tulikaa kwenye jiwe la kando ya njia. Mtoto alipokwenda kuchezea vumbi, bibi akasema, "Nilikuelewa."

Sikujua anasema nini.

"Siku ile ulipochora mchangani. Herufi moja, sauti mbili, baadaye zikatengwa. Nilikuelewa kabla hujamaliza. Huyu naye alilisoma jina sawasawa, nikasikia. Nilijua ni la mwanangu."

Nikamwuliza, basi kwa nini.

Alikuwa akimtazama Bertila.

"Ana paji lake la uso," alisema. "Na akikasirika hukunja vidole vya miguu, kama yeye. Jiwe lingebaki zima ningekuwa na jiwe. Mimi jiwe la nini, mama Bertila? Nilikuwa naomba lisirekebishike. Kila siku nilikuwa naomba hivyo, na Mungu wenu akanisikia."

Nilitaka kumchukia tena kama ile siku ya kwanza, pale mlangoni. Ingenisaidia. Nilimtazama mikono yake, miguu yake yenye nyufa, nikaona mtu aliyefanya ambalo mimi ningelifanya, na aliyelifanya kabla yangu kwa sababu aliweza.

Lori lilikuja. Nilimkumbatia mwanangu, akavumilia. Nilipanda nikakaa nyuma juu ya magunia. Lilipoondoka Bertila alikimbia kidogo barabarani na wenzake, akacheka, akanipungia mkono kama watoto wa pale wanavyolipungia kila lori linalopita.